Mama kakonda, baba bado imara: nani yuko hatarini?

Dada wa Langoni, umeuliza mbona mama anadhoofika kuliko baba ilhali wanawake ndio waishio zaidi. Ndivyo ilivyo: wao hudhoofika zaidi uzeeni, lakini mwanamume akifikia udhaifu uleule, hatari yake ya kufa huwa kubwa kuliko ya mwanamke. Basi baba naye mpime.

Weka alama mita 4 sebuleni, atembee mwendo wake wa kawaida. Akizidi sekunde 5, anakwenda polepole mno. Tazama pia mkono usiokaza kifuniko cha chupa, uchovu wa kila siku, kutojishughulisha, na kupungua kilo 4.5 kwa mwaka bila kukusudia. Dalili hizi, pamoja na mwendo wa polepole, zikifika 3 kati ya 5, usingoje, mpeleke kwa daktari. Na jamani, chai na mkate wa mofa peke yake havijengi misuli: ongezeni samaki, mbaazi au yai.