Maswali na Majibu: Mjue Kwanza Adui wa Bidhaa Yako

Maswali ya safari hii yote yanahusu mifuko laini ya plastiki: upi ufunge bidhaa gani, na kwa nini. Nimeyafupisha bila kugusa maana.

Ninasaga viungo na kuvifunga kwenye polithini angavu. Harufu inapotea. Muuzaji wa mifuko ananishauri nihamie mfuko mnene wa mikroni 100. Nimsikilize?

Hapana, ndugu yangu, isipokuwa kama mifuko yako pia inachanika. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na unene huo unaeleza zaidi uimara wa mfuko kuliko uwezo wake wa kuzuia kitu kupita. Ukiongeza unene wa polithini maradufu, kinachopita hupungua kwa takriban nusu tu, ilhali plastiki unayoilipia imekuwa mara mbili. Ukibadili malighafi yenyewe, tofauti huweza kufika mara kumi, na kwa oksijeni hata kupita mara mia.

Poliesta (plastiki ya jamii ileile ya chupa za maji) ya mikroni 12 iliyobandikwa kwenye polithini ya mikroni 50 italinda viungo vyako vizuri kuliko polithini tupu ya mikroni 100. Poliesta ndiyo inayoishika harufu. Polithini ya ndani kazi yake ni kuyeyuka kwenye mashine na kuziba mdomo. Kama rangi ya viungo nayo inafifia, hapo tatizo ni mwanga, na mfuko angavu hauzuii mwanga hata uwe mnene namna gani.

Ndiyo maana kabla hujauliza bei, jiulize nini hasa kinaiharibu bidhaa yako. Ni unyevu, oksijeni, mwanga, kupotea kwa harufu, au kutoboka? Anayeanza na unene au na picha nzuri mbele ya mfuko anaanza mwisho.

Karanga zangu za kukaanga zinaanza kunuka mafuta ya zamani mapema kabla ya tarehe iliyoandikwa. Nimeijaribu mifuko ya polipropilini kwa maji, haivuji hata tone. Tatizo liko wapi?

Mifuko yako haivuji, nakuamini. Lakini kuzuia maji na kuzuia oksijeni ni mambo mawili tofauti, na hapa ndipo wasindikaji wengi wanapopoteza fedha. Polithini na polipropilini huzuia unyevu vizuri, kwa hiyo karanga zinabaki kavu. Oksijeni nayo inapenya kwenye plastiki hiyohiyo kidogo kidogo, bila tundu lolote, na ikikutana na mafuta ya karanga ndipo harufu hiyo huzaliwa. Mwanga huharakisha kazi hiyo, na joto pia.

Unahitaji tabaka la kuzuia oksijeni. Njia inayotumika sana ni plastiki iliyopakwa alumini nyembamba mno kwa mvuke, ile inayong'aa ndani ya mifuko ya krispi. Ipo pia foili halisi ya alumini, ambayo kwenye mifuko mara nyingi huwa ya mikroni 7 hadi 9. Foili inazuia karibu kila kitu, ila ikikunjwakunjwa hupata nyufa ndogo na sifa yake hupungua, hivyo usiichague kwa mfuko utakaofinyangwa sana njiani. Ukitaka mteja aione karanga, kuna EVOH, plastiki angavu inayozuia oksijeni vizuri sana ikiwa kavu. Ikilowa unyevu hudhoofika, ndiyo sababu watengenezaji huificha katikati ya matabaka mengine.

Lipo jambo moja zaidi ambalo mfuko hauwezi kukusaidia. Ukifunga karanga pamoja na hewa ya kawaida, umeifungia oksijeni ndani na kuizuia isitoke. Pulizia naitrojeni wakati wa kufunga, au weka kipakiti cha kufyonza oksijeni. Mfuko bora wenye hewa mbaya ndani yake bado utakuharibia karanga. Na ile dirisha angavu ya kuonyesha bidhaa, nakusihi uifikirie mara mbili: mwanga unapita palepale.

Kahawa niliyokaanga na kuifunga siku hiyohiyo inavimbisha mfuko. Je, imeharibika?

Haijaharibika. Kahawa iliyotoka kukaangwa huendelea kutoa kabonidioksidi kwa siku kadhaa. Nunua mifuko yenye vali ya njia moja, inayotoa gesi bila kuruhusu hewa ya nje kuingia. Usitoboe mfuko kwa sindano, maana tundu hilo ni mlango wa oksijeni.

Nataka kufunga samaki wa kukaushwa kwa moshi kwenye mfuko ulioondolewa hewa ili akae rafuni bila friji. Nitumie mfuko gani?

Dada yangu, kabla ya mfuko tuongee usalama. Kuondoa hewa hakuui vijidudu. Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum anayestawi pasipo oksijeni, na sumu yake huweza kuua bila chakula kunuka wala kubadilika sura. Samaki wa moshi ambaye bado ana unyevu, akifungwa bila hewa na kuwekwa kwenye joto la kawaida, anampa bakteria huyo kila anachokitaka.

Una njia tatu: umkaushe na kumtia chumvi hadi kiwango kilichothibitishwa na maabara, umhifadhi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 3 bila kukatika, au umpike ndani ya mfuko kwa mvuke wa shinikizo, kwa kawaida nyuzi 121, kwa muda uliopimwa na mtaalamu. Njia ya tatu inataka mfuko wa poliesta, foili na polipropilini, kwa kuwa polithini ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115. Kwa njia ya baridi, chukua mfuko wenye poliamidi, yaani nailoni halisi, kwa sababu miiba ya samaki huitoboa polithini tupu. Bila mojawapo ya njia hizo, tafadhali usiuze.

Midomo ya mifuko yangu ya unga inaachia. Nimepandisha joto la mashine, bado.

Shusha joto, kisha utazame mdomo wenyewe. Karibu kila mara nikisikia neno "unga", mkosaji ni vumbi lililokwama pale panapozibwa. Panua nafasi kati ya unga na mdomo, au tumia faneli ndefu. Kuziba kunategemea joto, mgandamizo na muda, na joto likizidi huunguza kingo zikawa dhaifu. Zamisha mifuko michache kwenye maji na uibonyeze: mapovu yatakuonyesha penye kasoro.

Wateja wanataka mfuko usiodhuru mazingira. Nichukue ule ulioandikwa kwamba unaoza?

Muulize muuzaji unaoza wapi. Mingi ya mifuko ya PLA, plastiki inayotengenezwa kwa mimea, huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 58. Ukitupwa shambani au baharini hukaa muda mrefu. Ile iliyotiwa kemikali ya kuvunjikavunjika ndiyo mibaya zaidi, kwa sababu huacha vipande vidogo vya plastiki. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2019.

Mimi ningeanza na mfuko wa malighafi ya aina moja, polithini peke yake au polipropilini peke yake, pale bidhaa inaporuhusu. Mfuko wa poliesta, alumini na polithini vilivyogandishwa pamoja ni mgumu mno kuurejeleza. Chumvi, maharage makavu au nguo hazihitaji mfuko wa namna hiyo, na inaniuma kuuona ukitumika kwa ajili ya mng'ao tu. Kwa karanga za kukaanga jibu ni gumu zaidi, kwani chakula kilichoharibika nacho ni hasara kwa mazingira.

Sabuni ya maji inapasua mifuko kwenye kona baada ya wiki chache. Mwanzoni ilikuwa imara.

Sabuni hudhoofisha polithini taratibu pale ilipokunjwa au kuvutwa, hata bila kuiyeyusha. Omba tabaka la ndani liwe la LLDPE, aina ya polithini inayostahimili zaidi hali hiyo, na kona ziwe za mviringo. Kisha jaza mifuko ya majaribio kwa sabuni yako mwenyewe, si maji, uiache mahali penye joto kwa wiki kadhaa, ndipo uidondoshe kutoka urefu wa meza. Usiagize mzigo mkubwa kabla ya hapo.