Mama mkwe, gari la kulala na mto Mosel

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Köln, Ujerumani. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Pangani, na mwisho wa Septemba tumekodi gari la kulala kwa siku nne. Mume anataka tuliegeshe kando ya mto Mosel, kwenye mashamba ya mizabibu. Mimi roho inasita. Mama ni mtu wa swala, pombe hata harufu yake haitaki. Tena tutalalaje na mkwe ndani ya gari moja? – Msomaji, Köln

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpelekeni. Mtu wa Pangani hafundishwi kukaa kando ya mto, na Mosel ni mto wa kukaliwa. Tangu ulipofunguliwa kwa meli kubwa mwaka 1964, maji yake yamezuiwa kwa vizuizi na malango, hayana haraka. Mara mojamoja linapita tishali refu la mizigo, polepole kiasi kwamba unaziona hata nguo zilizoanikwa nyuma ya chumba cha nahodha.

Naanza na la kulala, maana ndilo zito. Mama mkwe msimlaze garini. Kitanda cha juu kina ngazi, chooni magoti yanagusa mlango, na baina yenu na yeye ni pazia tu. Hapo hakuna atakayepata usingizi. Wakulima wengi wa zabibu wana vyumba vya wageni nyumbani kwao, na baadhi wana nafasi ya gari uani. Mpangieni mama chumba chenye bafu, atawadhe kwa nafasi, asubuhi aje kwenu kunywa chai. Kibla huko ni kusini-mashariki.

Mimi napenda kipande cha kati, Bernkastel-Kues hadi Traben-Trarbach. Kutoka Köln ni mwendo wa saa mbili hivi. Mkishafika, tulieni. Kati ya Trier na Koblenz mto unajipinda hadi unakaribia kilomita 200, wakati ndege angeruka kama nusu ya hizo, na watu wakiiona ramani wanataka wavimalize vijiji vyote. Chagueni kimoja, mkae usiku wote mitatu.

Maegesho ya kando ya mto, Wajerumani huyaita Stellplatz, mengi hayapokei oda: aliyewahi ndiye mwenye nafasi. Mwaka juzi nilifika Jumamosi ya mavuno saa kumi na mbili jioni, nikakuta pamejaa hadi ukingoni. Nililala juu mlimani kwenye maegesho ya barabara kuu, usiku kucha nasikiliza malori, na niliumia kweli kwa sababu maji nilikuwa nayaona kwa chini. Ninyi fikeni kabla ya saa nane mchana. Bebeni waya mrefu wa umeme na sarafu za kutosha, kwa kuwa sehemu nyingi umeme na maji ni vya mashine ya sarafu.

Kuhusu pombe, mvinyo wa Riesling mtauona kila mlango, lakini hakuna atakayemlazimisha mama. Muulizieni Traubensaft, maji ya zabibu yasiyochachuka. Ninachowaonya ni Federweißer. Wakati wa mavuno huuzwa kila mahali, rangi ya ukungu, tamu, mtu anadhani juisi. Ni tembo hasa! Limeshaanza kuchachuka na linaendelea ndani ya chupa, ndiyo maana kifuniko hakibani, hewa ipate kutoka. Ukiilaza chupa, linamwagika. Mwambie mama ni kama tembo la mnazi, asubuhi tamu, jioni kali, ataelewa mara moja. Na ile keki ya vitunguu inayoliwa nalo mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe. Ulizeni kwanza.

Siku ya pili, alasiri, mpelekeni kwenye njia ya chini ya shamba. Juu msimpandishe: kule mlima wa Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, mteremko unafika nyuzi 65, wachumaji hujishikilia kama wagema. Chini ya mizabibu kumetapakaa sleti, mawe yaleyale ya vibao vya shule vya zamani. Mpe mama kipande mkononi. Mawe haya hushika joto la jua mchana kutwa na kulitoa usiku, zabibu zikaiva hata katika nchi ya baridi. Mimi nilikaa na changu hadi jua likazama, saa moja na robo hivi, vidole vimeanza kupoa na jiwe bado vuguvugu.

Asubuhi ukungu hulala juu ya maji hadi saa tatu, saa nne. Mama awe na sweta na soksi nzito, na kiti chake cha kukunja mkiweke upande wa mto.