Poti 25565 nimeifungua, mbona wenzangu hawaingii?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeweka seva ya Minecraft ya Java kwenye kompyuta ya nyumbani, hapa Dodoma. Kompyuta nimeipa anwani isiyobadilika, 192.168.1.50, na kwenye ruta ya 4G nimeelekeza poti 25565 ya TCP (mlango ambao Minecraft inapokelea wachezaji) iende huko. Mdogo wangu akiwa ndani anaingia vizuri, ila wenzangu wa Arusha na Mombasa wanagonga mwamba, na tovuti za kupima zinasema poti imefungwa. Kuna jamaa wa Telegram anataka elfu arobaini "afungue poti" kwa kupitia AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ya mtu kutoka mbali. Mwingine kanishauri niwashe DMZ ya ruta na kuzima ngome (firewall) ya Windows. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba. Hakuna wa kumsikiliza hapo, na hiyo elfu arobaini ibaki mfukoni.

Ulichofanya kwenye ruta kiko sawa, sina haja ya kukirudia. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, tafuta anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, kisha ilinganishe na ile unayooneshwa na tovuti yoyote ya kuangalia IP yako. Nabashiri hazifanani. Ikiwa ya kwenye ruta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi huna anwani ya umma. Mtoa huduma amekuweka wewe na wateja wengine lukuki nyuma ya anwani moja, utaratibu uitwao CGNAT, na kwenye intaneti ya laini za simu ndiyo kawaida. IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ina anwani zipatazo bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Akiba kuu ilimalizika kugawiwa Februari 2011, na mwaka 2012 fungu hilo la 100.64 likatengwa rasmi kwa kazi hii. Ni kama nyumba ya kupanga: mlango wa chumba chako umeuacha wazi, lakini geti la nje limefungwa na ufunguo anao mwenye nyumba.

Kwa hiyo huyo jamaa wa Telegram atafungua nini? Mtambo unaowazuia wenzako uko kwa kampuni, na yeye hana ruhusa ya kuugusa, hata ukimlipa laki. Kila wiki napata swali la namna hii, na kila wiki kuna mtu ameshalipia hewa.

Linalonikera zaidi ni hiyo DMZ. Watu wanaamini ruta ni kizuizi, na kwamba ukiilegeza vya kutosha mambo yatakubali. DMZ ya ruta za nyumbani haina ufundi wowote ndani yake. Inaiambia ruta kwamba chochote kinachobisha hodi kutoka nje, kwenye poti yoyote ambayo haijaelekezwa kwingine, kipelekwe kwenye kompyuta hii moja. Wewe ulitaka poti moja, unakabidhi zote elfu sitini na tano na ushei. Na kwa kuwa uko nyuma ya CGNAT, leo hutaona tofauti yoyote: wenzako bado hawaingii, unakata tamaa, unaisahau ikiwa imewashwa. Miezi sita baadaye unanunua anwani ya umma, ruta ni ileile, na siku hiyohiyo kompyuta ya nyumbani inakuwa barazani kwa dunia nzima.

Halafu eti na ngome ya Windows nayo uizime! Mei 2017 WannaCry, programu haribifu iliyofunga mafaili na kudai fidia, ilisambaa yenyewe kwenye kompyuta za nchi nyingi kupitia poti 445, ile ya kushirikisha mafaili, bila mtu kubofya chochote. Ngome haizimwi. Iruhusu Java, au poti 25565 peke yake, basi.

Njia za kweli ziko. Mpigie mtoa huduma umuulize kama anauza anwani ya umma. Wengine wanayo kwa malipo ya ziada ya kila mwezi, hasa kwenye fayiba, na ukiipata, hayo uliyokwisha kuweka kwenye ruta yatafanya kazi. Kama wanaocheza ni watu wachache unaowajua, Tailscale au ZeroTier inawaunganisha kana kwamba mko chumba kimoja, na hakuna poti ya kufungua. Kama wageni ni wengi, playit.gg inapokea wachezaji huko nje na kuwaleta kwako, kwa sababu muunganisho umeanzishwa na kompyuta yako kwenda nje, jambo ambalo CGNAT hailikatazi. Ukipima, tumia simu yenye bando, si Wi-Fi ya nyumbani, maana ruta nyingi hukataa kuigeukia anwani yake yenyewe kutoka ndani.

Msidhani seva ya mchezo haina anayeitamani. Mirai, programu haribifu iliyoteka kamera na ruta za majumbani mwaka 2016 kwa kujaribu tu nenosiri za kiwandani, ilitengenezwa na vijana wa Marekani waliokuwa kwenye biashara ya seva za Minecraft, na seva hizo zilikuwa miongoni mwa walengwa wao. Desemba 2021 likaja tundu la Log4j, kipande cha programu cha kuandika kumbukumbu kilichomo ndani ya Minecraft ya Java: ujumbe mmoja ulioandikwa kwenye soga ya Minecraft uliweza kumpa mshambuliaji kompyuta yenye seva. Toleo 1.18.1 lililiziba, lakini bado naona watu wanapakua seva za zamani "zilizorekebishwa" kutoka magrupu ya Telegram. Pakua kwa wenyewe, washa orodha ya walioruhusiwa, na acha online-mode ikiwa true, ili seva ihakikishe akaunti za wachezaji. Na kama kompyuta hiyo ndiyo mama anayowekea hesabu za duka, tafuta nyingine ya kuwekea seva.

Ikiwa yule jamaa umeshampa AnyDesk au nenosiri la ruta, badilisha nenosiri leo na uiondoe AnyDesk. Zima usimamizi wa ruta kutoka nje, futa DMZ, kisha angalia anwani za DNS, yaani za seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani: ukikuta zimejazwa kwa mkono na wewe hukuzijaza, rudisha ruta kwenye hali ya kiwandani uanze upya.