Pima Betri Moja Moja: Kwa Fundi Mpya Aliyekabidhiwa Chumba cha Betri

Mdogo wangu uliyemaliza chuo juzi na leo umepewa funguo za chumba cha betri, hongera. Nimeifanya kazi hii Moshi na Arusha kwa miaka mingi, na naomba nianze na jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa nahudumia UPS, yaani mashine inayoshikilia mzigo kwa betri umeme ukikatika, ya maabara ya kituo kimoja cha afya, nje kidogo ya mji. Betri zilikuwa 16 za volti 12, zimeungwa kwa mfululizo. Kila mwezi nilikuwa nafika, naweka mita kwenye ncha mbili za safu nzima, nasoma volti 218 na ushee, naona taa ya kijani, nasaini, naondoka. Jioni moja umeme ukakatika, na UPS ikazima palepale. Jenereta ilihitaji nusu dakika tu kushika mzigo, lakini hiyo nusu dakika hatukuwa nayo. Mashine ilizimika ikiwa katikati ya kazi, vipimo vikaharibika, na wagonjwa waliotoka mbali wakarudi kesho yake kutolewa damu upya. Mmoja wao alikuwa mtoto mdogo. Mama yake hakuniambia neno. Alimshika tu mkono mwanawe wakati anachomwa, nami nimesimama mlangoni na mita yangu.

Nilipofungua kabati na kupima betri moja baada ya nyingine, ya 11 ilisoma volti 11.6. Zilizobaki zote zilikuwa karibu 13.8. Hebu tupige hesabu. Chaja ile ilipangwa kushikilia volti 218.4 kwa jumla, yaani 13.65 kwa kila betri. Seli moja, yaani kichumba kimoja kati ya vile vya ndani ya betri, ikifa, chaja haina habari, kwa sababu yenyewe inaangalia jumla. Zile volti mbili zilizopungua kwa betri hiyo mgonjwa zinagawanywa kwa wale 15 wazima, nao wanachajiwa kupita kiasi mchana na usiku. Betri moja mbovu inaziua nyingine taratibu, na muda wote huo jumla inasomeka vizuri kabisa. Kisha siku mzigo ukija, mkondo wote hauna njia nyingine ila kupita ndani ya hiyo mbovu.

Kwa hiyo nunua daftari gumu. Andika namba ya kila betri, volti zake, joto la mwili wake, tarehe na jina lako. Usijiulize tu kama namba ni nzuri. Jiulize kama imesogea kutoka mwezi uliopita, na kama inafanana na jirani zake. Betri iliyojitenga na wenzake kwa volti 0.3 nairudia wiki inayofuata, hata kama bado iko ndani ya kiwango cha kiwandani.

Hata hivyo volti za betri iliyotulia hazisemi kila kitu. Betri iliyochoka inaweza kukuonyesha 12.7, ukaamini imejaa, ukiipa mzigo ikaporomoka ndani ya dakika mbili. Dawa yake ni kuizimia UPS umeme makusudi ili betri zibebe mzigo. Mimi nafanya hivyo mara mbili kwa mwaka, asubuhi, kwa ruhusa ya mwenye jengo, kila mtu akiwa amearifiwa na jenereta ikiwa tayari. Naweka mzigo wa kweli, natazama saa, na napima kila betri wakati inatoa umeme. Safu ikitoa chini ya asilimia 80 ya uwezo ulioandikwa, namwambia mwenye jengo aanze kutafuta fedha. Wengi watakuomba ubadilishe moja tu iliyokufa. Safu ikiwa bado changa, sawa. Ikiwa imekula miaka minne, betri mpya katikati ya wazee haitapata raha, nayo itazeeka upesi. Mweleze kwa heshima, mwonyeshe daftari. Namba zilizoandikwa mwezi hadi mwezi zinashawishi kuliko maneno yako.

Sasa joto. Betri za risasi, hizi za kawaida zenye bamba za risasi na tindikali, hukadiriwa kwenye nyuzi 25 au hata 20, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hukata umri wake karibu nusu. Arusha iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi iko chini zaidi, ndiyo maana betri za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, nimeziona zikidumu Sakina, Arusha, na kuchoka mapema Pasua, Moshi. Mwezi wa Januari na Februari, stoo ya mabati Moshi inakuwa tanuri. Usikubali betri ziwekwe humo, wala chumba kimoja na jenereta. Tafuta upande wa jengo usiopigwa na jua la mchana, toboa matundu ya hewa chini na juu. Kama chaja ina kihisi cha joto, kifunge kwenye mwili wa betri, usikiache kinaning'inia hewani. Betri ya volti 12 ikiwa na joto la nyuzi 35 inataka volti pungufu kama 0.2 kuliko ikiwa na 25.

Kwa betri za maji, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke peke yake, na soma lebo kabla ya kulipa, maana dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa tindikali. Maji ya bomba hayafai mahali popote, sembuse huku kwetu chini ya Meru ambako chumvi zake tunaziona kwenye meno ya watu. Ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu kimiminika hupanda betri inapojaa, na ukiwa umejaza kabla kitamwagika. Ila kama bamba za risasi zimeachwa wazi, zifunike kwanza kidogo, kisha uchaji. Tindikali haiongezwi, isipokuwa ilimwagika. Maji ndiyo hupotea. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa tindikali, ikisoma 1.265 seli imejaa. Ikisoma karibu 1.200 imebaki nusu, na betri ya risasi ikiachwa nusu kwa wiki kadhaa inaota ukoko wa salfeti usiotoka tena.

Vua pete na saa. Nasema hili kwa msisitizo wote nilio nao: chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kinaiva papo hapo, na kidole kiko ndani ya pete. Funga tepu kwenye mpini wa spana. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, kwa hiyo fungua mlango kabla ya kugusa nati yoyote.

Betri za lithiamu zina raha yake, hazitaki maji. Kosa ninalokutana nalo ni inveta kuachwa na mpangilio wa betri za risasi baada ya kubadilisha. Pitia mipangilio yote upya.

Jenereta nayo mara nyingi hugoma kwa sababu ya betri ndogo ya stata ambayo hakuna aliyeikumbuka. Iwashe kila mwezi, na uipe mzigo. Dizeli ikiunguruma bila mzigo mafuta hayaungui yote, yanaacha masizi na ute kwenye bomba la moshi. Ukiwa Arusha kumbuka pia kwamba hewa ni nyembamba: injini isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia hewa ndani, inaweza kupoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu zake au hata zaidi, usiijazie mzigo kwa kufuata kibao peke yake.

Wakati wa mgao wa umeme wa 2023 hakuna aliyehitaji kukumbushwa haya, kwa kuwa betri zilifanya kazi kila siku. Tangu Bwawa la Mwalimu Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, naona vyumba vya betri vinafungwa miezi bila kufunguliwa. Hapo ndipo daftari lako lina kazi zaidi.

Na zikifa, zirudishe kwa wauzaji wanaopokea betri chakavu kihalali, zikiwa na tindikali yake ndani. Nimewahi kukuta zimemwagwa kando ya mfongo, yaani mfereji wa maji wa kijiji, juu kidogo ya migomba ya watu, mahali ambapo watoto huteka maji. Fundi akikuambia umwage ili zipungue uzito kwenye gari, kataa.