Muulize Fundi: Ekzosi ya Celica imeoza, na mfukoni nina laki tatu tu

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Nina Toyota Celica ya 1996, namba ya modeli ST202, injini 3S-FE, nimeinunua kwa jamaa aliyekuwa akiiweka Nungwi karibu na pwani. Sailensa ya nyuma imetoboka mpaka kidole kinaingia, nikiwasha asubuhi mtaa mzima unajua natoka. Nikifunga vioo nasikia harufu ya moshi ndani na kichwa kinaniuma. Nakaa Jang'ombe, kazi yangu Malindi, yaani gari inatembea kidogo tu kwa siku. Bei ya seti nzima ya stenlesi kutoka Japani pamoja na usafiri siiwezi kabisa, nina laki tatu. Fundi mmoja ananambia nipige bomba la inchi tatu moja kwa moja na sailensa ya kispoti, eti gari itapata nguvu. Nifanyeje?
Msomaji wa Jang'ombe, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam kijana wangu. Kabla ya habari ya pesa tuanze na hicho kichwa kinachouma, maana hapo ndipo penye hatari khasa. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi ndani yake, haina rangi wala harufu, hiyo harufu unayoisikia ni ya vitu vyengine vinavyokwenda nayo, lakini ukishaisikia ujue na hiyo sumu ishaingia. Inamlaza mtu na asiamke. Kwa hiyo nakusihi, gari hiyo iweke chini mpaka itengenezwe, na usikae ndani yake ikiwa inawaka hata kama unasubiri mtu kwa dakika tano.

Na hii inatupa jibu la pesa pia. Tundu la sailensa ya nyuma ndilo linalopiga kelele, lakini moshi unaoingia ndani ya gari mara nyingi unatoka mbele, kwenye gasketi ya manifoldi (kile chuma kinachokusanya moshi pale unapotoka kwenye injini), kwenye maungio ya bomba la mbele au ile bomba laini ya kusuka. Pesa yako ya kwanza iende huko mbele, kelele za nyuma zitangojea.

Huhitaji seti nzima. Ekzosi haiozi sawasawa. Huku mbele bomba ni zito na linapata moto mkali kwa hiyo linakauka, kinachokufa ni nyuma kwa sababu ya maji. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takriban lita moja ya maji kwa mvuke, sasa wewe Jang'ombe mpaka Malindi sailensa haijapata moto ushafika unazima, maji yanabaki ndani yanakula chuma, na nje upepo wa chumvi wa Nungwi ushafanya kazi yake zamani. Ipandishe gari juu ya stendi, sio jeki peke yake tafadhali, halafu pita na bisibisi ukigonga bomba lote kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa au bisibisi inazama. Weka alama ya chaki. Kisha gari ikiwa ya baridi iwashwe, mwenzio azibe mdomo wa nyuma na kitambaa kinene kwa sekunde chache, wewe nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio, patakapotoka mapovu ndipo panapovuja. Hapo utajua unanunua nini, pengine ni nusu tu ya ulivyodhani.

Ukienda dukani kutafuta gasketi sema 3S-FE, usiseme 3S tu, kwa sababu 3S-GE kichwa chake cha injini ni chengine kabisa, kilichorwa na Yamaha, na gasketi ya manifoldi haitokaa. Na mtu asikwambie bomba la Noah litaingia kwa vile injini ni 3S-FE, ya Noah imelala chini ya viti na inasukuma matairi ya nyuma, yako imekaa kwa upana mbele, njia ya bomba si moja. Sailensa ya nyuma tafuta ya mtumba nzima, hapa mjini au mtu akuangalilie Dar, Gerezani au Ilala, ije na boti. Itikise kabla hujalipa, ikicheza kitu ndani iache, na ikimwaga maji ya kutu pia iache.

Inchi tatu kataa. Injini yako ni ya lita 2 haina tabo (turbo), bomba la inchi mbili, mwisho mbili na robo, linatosha sana. Ukipanua kupita kiasi moshi unakwenda polepole, gari inakuwa nzito kuondoka taa za barabarani na mazungumzo ndani hayasikiki, huo si uspoti. Celica ilitengenezwa iwe na sauti yake nzuri, mimi nazipenda sana gari hizi na inaniuma nikiona moja imefanywa ngoma.

Sasa fundi wa kuchomea, hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Asikuwekee bomba la maji la mabati, lile lina zinki, likichomwa moshi wake unamtia fundi homa na pale penye welding ile ngozi ya zinki inaungua kwa hiyo kutu inaanzia hapo hapo. Mwambie atoe waya wa betri kabla ya kuchomea ili kompyuta ya injini isipate madhara. Na asimalize kuchomea huku bomba likiwa chini ya gari, kwa sababu upande wa juu mkono haufiki, atauacha wazi na utavuja kwako tena. Ashike vidoti viwili vitatu likiwa pahala pake, alishushe, alizungushe chini achome duara zima, alipake rangi ya kuhimili moto ndipo alirudishe. Raba za kuning'inizia weka mpya, ni rakhisi, ukifunga na waya injini ikitingishika inavuta bomba na utapasua mbele ulipotoka kutengeneza. Ukiambiwa bomba ni stenlesi nzuri chukua sumaku, ile ya daraja la 304 haishiki au inashika kidogo sana.

Ikishakamilika, mwisho wa wiki ipeleke japo Kitogani na kurudi, sailensa ipate moto mpaka nyuma maji yakauke. Chini ioshe kwa maji baridi ya bomba kila ukitoka pwani.

SWALI: Fundi, nina Altezza, mafundi wanataka kuyatoa masega (kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi) wayanunue, wanasema gari itakula mafuta kidogo. Niwape?
Msomaji wa Wete, Pemba

JIBU: Usiwape. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani, ndiyo maana wana haraka ya kuyanunua. Kazi yake ni kuigeuza ile sumu niliyoitaja juu kuwa hewa isiyoua haraka hivyo, na yakiwa mazima hayapunguzi mafuta kwa namna utakayoiona kwenye tangi. Yakiziba ndiyo taabu: gari haipandi mizunguko, inakosa pumzi kwenye mlima, na ukichungulia usiku utaona yamekuwa mekundu. Ukishuku, muombe fundi afungue sensa ya oksijeni ya mbele ya masega apige mafuta kidogo, nguvu ikirudi basi yameziba kweli. Lakini hata hapo tafuta kwanza kilichoyaziba, plagi au koili inayokosa cheche, au injini inayokula oili, vyenginevyo utaweka mengine na yatakufa vile vile.