Pua ya kijana wangu imepinda, ni lazima akatwe?

Swali: Daktari, habari za kazi. Kijana wangu wa miaka 19 alianguka na bodaboda Igawilo, leo siku ya tano. Eksirei inaonyesha mfupa wa pua umevunjika, na uvimbe ulivyopungua naona pua imelala kushoto. Je, ni lazima akatwe? Naweza kuuza viazi kwanza ndipo nimpeleke? – Mama, Uyole

Jibu: Shikamoo mama, na pole kwa kuuguza. Usisubiri viazi. Mifupa ya pua huanza kushikana baada ya wiki moja hivi, na ikifika wiki mbili kuirudisha kwa mkono ni shida. Sasa ndio wakati wake: uvimbe umeshuka na mfupa bado haujashika.

Mara nyingi hakuna kukata. Akishapigwa ganzi au kupewa nusukaputi, daktari anaingiza chuma chembamba butu tunduni, ananyanyua mfupa uliobonyea huku vidole vya mkono mwingine vikiusukuma kwa nje hadi ukae katikati. Ni kazi ya dakika chache. Kisha pua hufungwa plasta ngumu kwa wiki moja hivi. Mkichelewa, mfupa ulioungana vibaya itabidi ukatwe upya, tena baada ya kusubiri miezi, na gharama yake ni nyingine kabisa.

Kinachonitia wasiwasi kuliko kupinda ni hiki. Leo hii washa tochi ya simu, mwangalie ndani ya pua. Ukuta wa katikati ukiwa umevimba, laini, rangi ya zambarau, na pua imeziba, hiyo ni damu iliyojikusanya kati ya gegedu (ule mfupa laini wa pua) na utando unaoifunika. Utando huo ndio unaoilisha gegedu. Ikitengwa nao hufa ndani ya siku chache, damu hugeuka usaha na mgongo wa pua hudidimia. Ukiona hivyo nendeni leo leo, hata usiku, damu itolewe. Akitokwa na majimaji maangavu yasiyokoma, nendeni vilevile, na asipenge: huenda yanatoka kwenye ubongo. Atakayetaka kumkanda kwa maji ya moto, mkatalie.

Mwambie pia aume meno. Yasipokutana kama zamani, huenda taya limevunjika. Akiona vitu viwiliviwili au shavu likifa ganzi, yawezekana ni mfupa wa shavu au wa chini ya jicho. Huko ndiko kwenye kipimo cha CT (picha za kina za eksirei), na vibamba vya chuma cha titani na skrubu za kushikiza mfupa.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ulizia madaktari wa pua, koo na masikio. Beba picha yake ya kabla ya ajali, daktari alinganishe; wengine pua zao zilikuwa zimepinda kidogo tangu awali.