Yule mama wa Kihindi anayekumbatia watu: mimi nimefika kwake, ngoja niwape

Mleta uzi umeuliza yule mama wa sari nyeupe tunayemuona kwenye video anakumbatia foleni ya watu ni nani, ni tapeli kama hawa manabii wetu wa maji na mafuta, na je kukumbatiwa kunalipiwa. Majibu mengi huko juu naona mnabahatisha tu, mmoja kasema mama ni wa Nepal, daah.

Desemba 2018 nilimpeleka mzee wangu Kochi, jimbo la Kerala kusini kabisa mwa India, kutibiwa valvu ya moyo. Hospitali inaitwa Amrita, ipo tangu 1998, na kila korido kuna picha ya mama mmoja anacheka, nikajua labda ni mke wa mwenye hospitali. Nesi akanicheka, akaniambia huyo ndo mwenyewe, Amma, na shule aliachia darasa la nne.

Amma kwa Kimalayalam ni mama tu. Jina la kuzaliwa ni Sudhamani, siku hizi anaitwa Mata Amritanandamayi, kazaliwa 1953 kijiji cha wavuvi kinaitwa Parayakadavu, kamba nyembamba ya mchanga huku bahari huku maji ya ndani. Alitolewa shule akiwa mdogo alee wadogo zake na apike. Wafuasi wake wanasimulia kwamba alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuomba maganda ya mihogo ya ng'ombe wa kwao (ndio, mihogo, Kerala wanakula mihogo na samaki kama Mtwara tu), huko anakuta bibi kaachwa peke yake hana cha kula, anamchukulia chakula cha nyumbani kwao bila ruhusa, anamwogesha, anamkumbatia. Kwao wanamchapa.

Sasa hapa ndo wengi hamtaelewa kama hamjui Kerala. Kule zamani ubaguzi wa matabaka ulikuwa mpaka umbali unapimwa, mtu wa tabaka la chini akimsogelea Brahmin (tabaka la juu, la makuhani) hatua kadhaa tu tayari kamnajisi, hajamgusa hata. Ukanda ule watu wa chini waliruhusiwa kuingia mahekalu ya serikali ya mfalme mwaka 1936, yaani miaka 17 tu kabla huyu mama hajazaliwa. Halafu anatokea binti wa mvuvi, mweusi, hajaolewa, anakumbatia wanaume asiowajua, anakumbatia mpaka wakoma. Ukoo wake ulimkataa na wanakijiji walimrushia mawe. Kwahiyo lile kumbatio mnaloliona kama sarakasi ya wazungu, kwa mahali lilipoanzia lilikuwa ni matusi. Mimi nikishaelewa hilo ndo nikaacha kumfananisha na manabii wa hapa kwetu.

Na hawa Wahindi wetu wa Upanga na Kisutu pale Dar msiwaulize sana, wengi asili yao Gujarat, wana watakatifu wao, huyu ni wa kusini huko.

Basi, mzee kashatoka ICU, dada yangu kakaa naye, mimi nikapanda treni mpaka Kayamkulam halafu bajaji mpaka kwenye daraja la miguu, unavuka unakuta majengo marefu ya rangi ya pinki katikati ya minazi. Ndo Amritapuri, ashramu yake yaani makao yake ya kidini, kapajenga pale pale kwao, alipozaliwa. Kujibu swali lako mkuu, hulipi kitu, unapewa tokeni ina namba unasubiri. Nilisubiri kuanzia asubuhi hadi saa mbili usiku, nimekula wali na dengu, nimesinzia kwenye kiti cha plastiki, na yule mama muda wote kakaa pale pale anakumbatia. Foleni inaenda kwa viti, unahama kiti kimoja kimoja kama kwa kinyozi. Ukikaribia wanakuambia piga magoti, mmoja anakupangusa uso kwa tishu kwa ajili ya jasho, mwingine anakushika shingo anakusukuma mbele, sikupenda, niliona kama napelekwa kuchinjwa. Bega la sari yake limechafuka kwa nyuso za watu. Akanivuta, ananung'unika sikioni "mone mone mone", maana yake mwanangu, kama sekunde kumi hivi, akanibandika pipi na kipakiti cha jivu la baraka mkononi, nikavutwa pembeni. Aisee nililia. Wiki tatu za hospitali sikutoa chozi, nililia pale kama mtoto. Sijui, labda ni uchovu.

Sasa msinione nimenunuliwa. Kuna mwanamke wa Australia aliyekuwa msaidizi wake wa karibu miaka mingi, akatoka, 2013 akaandika kitabu chenye tuhuma nzito za vipigo na ngono humo ndani, ashramu ikakanusha yote. Soma pande zote. Na wafuasi wanaosema yeye ni mungu mke mwenyewe, mimi ni Muislamu, hapo tunaachana, lile jivu nilimwachia jirani wa wodini. Ila pesa yake inaonekana ilipo kwa macho, chuo kikuu kipo, mzee wangu katibiwa, tsunami ya 26 Desemba 2004 ilipiga kijiji chao wenyewe na aliahidi rupia bilioni moja, nyumba zikajengwa. 2022 imefunguliwa hospitali nyingine Faridabad karibu na Delhi, mpango ni vitanda 2,600. Nabii gani wa hapa kakujengea hata zahanati?

Pipi nilimletea mzee. Akaikagua pande zote, akaila, nikamsimulia jinsi yule mama anavyokaa toka asubuhi hadi usiku wa manane hanyanyuki. Mzee katafuna kimya, kisha kaniuliza, "Sasa choo anaenda saa ngapi?" Nesi akataka kujua mzee anasema nini, nikamtafsiria, akacheka mpaka akakaa kitandani, akasema hilo hata wao pale Kerala wanajiuliza.